Je, Wajua? Utumbo Hulala Baada ya Upasuaji

Mgonjwa aliyekatwa sehemu ya utumbo mpana akijamba wodini, daktari hufurahi, kwani hiyo ndiyo habari anayoisubiri. Baada ya upasuaji, njia ya chakula huzubaa. Utumbo mwembamba huanza kusukuma tena ndani ya saa 24 hivi; utumbo mpana huamka mwisho, mara nyingi siku ya pili au ya tatu.

Zamani mgonjwa alinyimwa chakula hadi hewa itoke. Miaka ya 1990, daktari mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark aliongoza mabadiliko: mgonjwa ale mapema, ainuke kitandani mapema, na apunguziwe dawa za jamii ya mofini, ambazo huuzubaisha utumbo zaidi. Hata kutafuna jojo huweza kusaidia kidogo, maana mwili hudhani chakula kinakuja.

Mgonjwa akirudi nyumbani, choo huweza kuwa chepesi au cha mara kwa mara kwa wiki kadhaa, hata miezi, kwa kuwa utumbo mpana ndio unaofyonza maji yaliyosalia baada ya utumbo mwembamba. Uchovu nao hukawia kuondoka hata kidonda kikishafunga; tafadhali, jamaa wasimwite mvivu. Ila tumbo likivimba huku anatapika, au akipata homa, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.