Shina la mgomba laweza kuwa nguo, lakini nani atalinunua Busia?

KATIKA mashamba ya Busibwabo, Matayos na sehemu za Teso, mkulima akishauvuna mkungu wa ndizi hulikata pia shina lililouzaa, kwa kuwa shina moja la mgomba huzaa mara moja tu. Shina hilo huachwa lioze shambani au hukatiwa ng'ombe. Kwa miaka kadhaa sasa, watafiti wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda wamekuwa wakieleza kuwa ndani ya takataka hiyo mna nyuzi zinazoweza kusokotwa kamba, kufumwa mazulia, na hata kuchanganywa na pamba zikatoa kitambaa cha kuvaa.

Maelezo hayo ni ya kweli. Lisilosemwa sana ni urefu wa safari iliyopo kati ya shina na kitambaa, na ni nani atakayeigharimia.

Kwa upande wa utafiti, wakazi wa Busia wamezungukwa na wataalamu. Malori yanayovuka Malaba kuelekea Kampala hupita Tororo, kisha hupita Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka wa 2007 katika Wilaya ya Busia, Uganda. Chuo hicho hufundisha uhandisi wa nguo, na kimeshirikiana na kampuni ya Texfad ya Uganda, inayotengeneza mazulia kwa nyuzi za mgomba, katika mradi uitwao Banatex-EA. Mradi huo ulifadhiliwa kupitia BioInnovate Africa, mpango wenye makao yake katika taasisi ya icipe jijini Nairobi ambao hupata fedha kutoka Uswidi.

Upande wa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mjini Eldoret mwaka wa 2007, ili wanafunzi na watafiti wapate mahali pa kujaribia kazi zao. Kiwanda hicho kilifunguliwa upya mwaka wa 2019 baada ya kuwekewa mitambo mipya. Tangu 2016 chuo hicho pia kimekuwa na kituo cha umahiri kilichoungwa mkono na Benki ya Dunia, na utafiti wa nguo ni mojawapo ya nguzo zake tatu.

Hata hivyo, shina la mgomba lina tabia zake, na hapo ndipo hesabu huanza kuwa ngumu. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za shina bichi ni maji. Katika kilo 100 za mashina, nyuzi kavu zinazopatikana ni kama kilo moja. Maana yake ni kwamba lori la tani 10 likijazwa mashina litafikisha kiwandani takriban kilo 100 za nyuzi, na kilichobaki ni maji na makapi yaliyolipiwa nauli bure. Aidha, shina likikaa siku nyingi baada ya kukatwa huanza kuoza na nyuzi zake hubadilika rangi. Kwa hiyo ni lazima mashine ya kukwangulia nyuzi imfuate mkulima kijijini. Zikishakaushwa, hata mwendeshaji wa boda boda anaweza kuzibeba.

Tatizo la pili ni ugumu wa nyuzi zenyewe. Wakati uzi wa pamba una urefu wa sentimita tatu hivi na ni laini, nyuzi za mgomba ni ndefu, nene na zimegandamana kwa utomvu. Kwa zulia au gunia hilo halina neno. Kwa shati, sharti zilainishwe na kukatwa ndipo ziingie katika mitambo iliyoundwa kwa ajili ya pamba. Njia rahisi ni kuzichemsha kwa magadi makali ya kiwandani, ila maji yake yakimwagwa ovyo katika Mto Sio, sifa yote ya kutunza mazingira itakuwa ya bure. Njia ya vimeng'enya haichafui sana, lakini ni ghali.

Wataalamu huita mpango huu uchumi wa mzunguko, yaani uzalishaji usiotupa kitu. Maji yanayokamuliwa yana madini mengi ya potasiamu na hufaa kuwa mbolea. Makapi hufaa kuwa mboji. Lakini mzunguko hutimia pale tu makapi hayo yanaporudi katika shamba lilelile. Yakibaki kwa mwenye mashine, mkulima atakuwa ameuza rutuba ya udongo wake kwa bei ya takataka.

Kuna hatari nyingine ambayo wakulima wa Busia wanaijua vyema. Mnyauko wa migomba uletwao na bakteria, uliogunduliwa Uganda mwaka wa 2001, ulithibitishwa magharibi mwa Kenya mwaka wa 2006. Ugonjwa huo husambazwa na wadudu na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Kikundi kitakachozunguka kikikata mashina shamba hadi shamba bila kuchoma panga kwenye moto au kulisafisha kwa jiki kitaweza kuangamiza migomba ya kata nzima kwa msimu mmoja.

Wakulima hawa pia wana kumbukumbu ya pamba. Busia ilikuwa miongoni mwa maeneo ya pamba ya magharibi, kabla ya malipo kuchelewa na soko kuachiwa huria mwaka wa 1991 na wengi kulipa zao hilo kisogo. Mbegu ya pamba ya Bt, iliyoidhinishwa na Baraza la Mawaziri mnamo Desemba 2019, ilijaribiwa kwanza katika vituo kadhaa, kikiwemo cha Alupe kilicho kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba. Mbegu bora haikuwa jibu la swali la mkulima wakati huo, wala mashine ya kukwangua mashina si jibu lake leo. Swali ni lilelile: bei itaandikwa wapi, na mzigo utalipwa lini?

Kwa sasa soko lililo karibu zaidi ni la mafundi wa mazulia na mikeka, ambao hawahitaji nyuzi laini. Kikundi cha Busibwabo kikizikausha vizuri kinaweza kumuuzia mnunuzi wa Uganda. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ikiwa bidhaa hiyo imo katika orodha iliyokubaliwa. Kwa hivyo jambo la kwanza la kuuliza katika kituo cha forodha cha Busia ni iwapo nyuzi za mgomba zimo katika orodha hiyo, na iwapo zitahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS.