Wageni wa Msimu katika Hori ya Mida

Kila mwaka, tangu mwezi wa Agosti hadi Oktoba, hori ya Mida hupokea wageni waliotoka mbali kuliko wageni wote tuwajuao. Ni ndege wa pwani, wakubwa kwa wadogo, ambao hukaa nasi hadi Aprili, kisha hurejea kwao kuzaa. Wengi wetu tumepita njia kuu ya Malindi mara nyingi tukienda arusini au mazishini, tusijue ni neema gani iliyo upande wa bahari.

Hori hiyo imo katika kaunti ya Kilifi, baina ya Watamu na Gede, kilomita zipatazo 100 kaskazini mwa Mombasa. Imezungukwa na mikoko, michu na mikandaa, na maji yakipwa huacha wazi eneo kubwa la mchanga na tope. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968. Kwa jicho la haraka tope lile laonekana tupu. Lakini ndani yake mna kaa, minyoo na konokono wasio na idadi, na hiyo ndiyo karamu iwaitayo wageni hawa.

Miongoni mwao wamo vitwitwi wenye midomo mirefu iliyopinda kidogo kuelekea chini. Uzani wa mmoja wao ni kiasi cha gramu 60, sawa na yai la kuku. Nao huzaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, penye barafu. Wafikapo kwetu huwa na rangi ya kijivu. Ikikaribia Aprili vifua vyao hugeuka vyekundu kama udongo wa Gede, na hiyo ni ishara kuwa safari imekaribia.

Mgeni mashuhuri zaidi wa Mida ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huyu hatoki Siberia. Yeye huzaa katika visiwa vya mchanga vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja tu, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kinda lake halijiwezi kwa muda mrefu. Hata baada ya kuvuka bahari na kufika kwetu, mtoto huonekana akimfuata mzazi huku akilia kuomba, na mzazi humkatia kaa akamlisha. Enyi kina mama na kina baba, hilo pekee latosha kuwa darasa la malezi.

Wazee wetu walizijua njia hizi. Majahazi ya Oman na Ghuba yaliletwa kwetu na kaskazi, yakarejea kwa kusi. Majahazi yamekoma, lakini ndege wale wangali wakifuata njia ileile baina ya pwani yetu na ya Waarabu. Suratul Mulk inatuita tuwatazame ndege walio juu yetu, wakikunjua na kukunja mbawa zao, tumjue Anayewashika. Kutazama huko si mchezo, ni tafakuri.

Hata hivyo, wageni hawa wana dhiki. Kabla ya kuondoka, sharti ndege ajaze mwili wake mafuta, kwani ndiyo masurufu yake ya njiani. Kila anaporushwa kwa jiwe, kwa manati, kwa mbwa au kwa mashua iliyomkaribia mno, hupoteza sehemu ya akiba hiyo. Maji yajaapo hukusanyika mahali pachache kupumzika. Wakifukuzwa hapo hawana pengine karibu. Na mkoko ukatwapo ovyo, kaa hupungua, na hasara hiyo hatuipati kwa ndege tu, bali pia kwa mvuvi na kwa mama anayetafuta kitoweo cha watoto wake horini. Tukumbuke kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamuru makinda yarudishwe kwa mama yao masahaba walipoyachukua.

Basi tunashauri kila familia iende Mida angalau mara moja katika msimu. Sisi tunaofuata mwezi mwandamo tuna wepesi wa kupanga: bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa karibu na Alasiri. Nendeni mapema, maji yangali yanapanda, kwani hapo ndipo ndege husogezwa karibu na ukingo. Kaeni kimya, msiwasogelee, na watoto wapokezane darubini ikiwa mnayo. Taka zote mrudi nazo nyumbani.

Hapo pana daraja la mbao lipitalo kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na vijana wa hapo huwaongoza wageni. Ada ya kiingilio haiendi bure: mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya, huitumia kusaidia karo za shule za sekondari kwa watoto waishio kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndege anayekula kaa zetu ndiye pia anayemlipia karo mtoto wa jirani.

Wazazi, zungumzeni na vijana wenu kuhusu manati kabla ya Aprili. Ndege anayesalimika Mida leo ndiye atakayetaga lile yai moja katika kisiwa cha Oman, na inshallah amlete mwanawe kwetu mwaka ujao.