Viwanja Vinne Katika 116: Hesabu ya Maji Yanayoshuka Kutoka Mradi wa Juu

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mwenye kuishika hesabu hiyo moja tu anaweza kukaa kwenye mkutano wa mtaa pamoja na mkandarasi, mhandisi na diwani bila kubabaishwa. Na mikutano ya namna hiyo haijakoma Dar es Salaam, hasa kwenye ukanda unaoshuka kutoka Goba, Salasala na Madale kuelekea Tegeta, Boko, Kunduchi na Mbezi Beach. Juu vinapimwa viwanja, miti inang'olewa, greda linapita, mabati yanapanda. Chini, wenye nyumba za siku nyingi wanapanga viroba vya mchanga mlangoni, wanainua friji juu ya matofali, na wote wana kauli moja: zamani maji hayakuwa yanafika hapa.

Mwenye mradi naye ana jibu lake. Bonde ni bonde, maji yalikuwepo tangu enzi, na nyie ndio mliojenga kwenye njia yake. Pande zote mbili zina ukweli wake, na kila upande ukishika ukweli wake tu mkutano huisha kwa kelele. Kinachokosekana mezani ni namba.

Tuchukue kiwanja cha kawaida, mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Ipige mvua nzito ya saa moja, milimita 50. Juu ya kiwanja hicho zimeanguka lita 30,000. Kikiwa bado pori lenye nyasi na udongo unaokunywa maji, wahandisi hukadiria kwamba kama robo ya maji hayo ndiyo yatakayotiririka: lita 7,500. Zilizobaki zinazama au zinashikwa na majani.

Sasa kimejengwa. Bati limefunika mita za mraba 250, pevingi zimemeza 250 nyingine (siku hizi mtu akimaliza kupaka rangi, hatulii mpaka uwanja mzima uwe pevingi), na bustani imebakiziwa 100 pembeni ya fensi. Bati hutiririsha asilimia 90 ya mvua: lita 11,250. Pevingi zilizoshindiliwa vizuri hutiririsha kama asilimia 80: lita 10,000. Bustani inatoa 1,250. Jumla lita 22,500. Mvua haijaongezeka hata tone, lakini maji yanayotoka getini yameongezeka mara tatu.

Asilimia hizi ni makadirio ya kawaida ya kihandisi, na udongo hubadilisha mambo. Kichanga hunywa zaidi, mfinyanzi hunywa kidogo. Hapo ndipo hoja ya mwenye mradi inapopata nguvu, kwa sababu katikati ya masika ardhi imeshashiba na hata pori halinywi tena kama Januari. Haya, tumpe haki yake. Tuseme pori lililoloa linatiririsha asilimia 40 badala ya 25. Maji ya kabla ya ujenzi yanapanda hadi lita 12,000, ya baada ya ujenzi yanafika 23,250. Bado ni karibu mara mbili. Kwa hiyo ni kweli kwamba bonde lilikuwa linapata maji, na ni kweli vilevile kwamba halikuwa linapata maji haya.

Kiwanja kimoja hakimzamishi mtu. Mradi mzima ndio unaozamisha. Weka mradi wa mfano wa hekta 10, kama ekari 25 hivi. Barabara na maeneo ya wazi yakichukua asilimia 30, vinabaki viwanja 116 vya ukubwa tuliousema. Kwa mvua ileile ya milimita 50 kwa saa, pori la hekta 10 lilikuwa linashusha lita 350 hivi kila sekunde. Mradi uliojengwa na kuwekewa lami unashusha takriban lita 1,040 kila sekunde. Tofauti ya saa moja ni mita za ujazo 2,500, yaani maboza 250 ya lita 10,000 yanayomwagwa mtaa wa chini ndani ya dakika 60. Maji hayo yakikosa pa kwenda na kutulia juu ya ekari tano za tambarare, yanapata kina cha sentimita 12. Kina hicho kinatosha kuvuka vizingiti vingi na kufika kwenye mota ya friji ambalo halijainuliwa.

Ndipo tunapofika kwenye mtaro, maana kila mkutano huishia hapo: "Tuleteeni mtaro." Mtaro wa mawe tuliouzoea kando ya barabara za mitaa, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, ukiwa kwenye mteremko wa mita moja kwa kila mita 100, hubeba kama lita 490 kwa sekunde ukiwa umejaa pomoni. Ulitosha kwa lita 350 za pori. Kwa lita 1,040 hautoshi hata nusu ya kazi. Wakazi wanaosema mtaro "umeharibika" mara nyingi wanausingizia. Mtaro uko vilevile, kilichobadilika ni mzigo.

Tena hesabu hiyo ni ya mtaro msafi. Wakati wa ujenzi udongo wa mradi uko wazi, na mvua ya kwanza inashuka na mchanga. Mtaro ukijaa mchanga nusu ya kina chake, mtu angetarajia ubebe nusu ya maji. Haubebi nusu. Unabeba kama lita 200 kwa sekunde, kwa sababu maji yenye kina kifupi husuguana zaidi na sakafu na kwenda polepole. Mchanga wa msimu mmoja wa ujenzi unaweza kuufuta zaidi ya nusu ya uwezo wa mtaro uliojengwa kwa fedha za umma, na sijawahi kuona mkataba wa kuuza kiwanja unaosema nani atauzoa.

Kupanua mtaro hakuna ugumu kihesabu. Mtaro wa sentimita 80 kwa 80, kwa mteremko uleule, unabeba karibu lita 1,060 kwa sekunde na unaumeza mradi wetu wote. Kwenye makalavati ni vivyo hivyo: bomba la milimita 900 hubeba karibu mara tatu ya bomba la milimita 600, ingawa kipenyo kimeongezeka nusu tu. Kwa hiyo anayebana matumizi kwa kuweka bomba dogo chini ya barabara anaokoa kidogo na kupoteza theluthi mbili ya uwezo.

Lakini mtaro mpana haupunguzi maji. Unayawahisha. Maji yaliyokuwa yakichukua muda kupenya kwenye majani sasa yanafika bondeni kwa pamoja, na mtaa unaofuata nao unaomba mtaro mpana zaidi. Kila mtaro una mwisho wake, na mwisho huo ni korongo, mto au sebule ya mtu.

Dar es Salaam inajua gharama ya mwisho huo. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu hadi Daraja la Salender, ukipokea njiani maji ya mito ya Ubungo na Sinza, na karibu kila mtaa kwenye beseni lake umeongeza bati na lami. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 mkoani. Ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Zaidi ya milioni moja walioongezeka wote wanalala chini ya bati. Desemba 2011, mvua iliyovuka milimita 150 kwa siku moja ilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40, na waliohamishwa mabondeni walipelekwa viwanja vya Mabwepande. Mafuriko ya Aprili 2018, kwa makadirio ya watafiti wa Benki ya Dunia, yalizitia kaya za jiji hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Kisha mwaka 2022 ukaidhinishwa mkopo wa benki hiyo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi, pamoja na daraja jipya la Jangwani na fidia kwa wanaopisha. Viwanja vipya si chanzo pekee cha mzigo wa Msimbazi, kuna taka na kuna ujenzi ndani ya mto wenyewe. Ila deni hilo linalipwa na nchi nzima, na wauzaji viwanja walishaondoka na fedha zao.

Gharama ya kuyashika maji juu kabla hayajashuka ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tunahitaji mahali pa kuhifadhi kwa muda mita za ujazo 2,500, kisha kuziachia polepole kwa kasi ileile ya lita 350 iliyokuwepo enzi za pori. Bwawa lenye kina cha mita moja na nusu linahitaji mita za mraba 1,670 hivi, chini kidogo ya viwanja vitatu. Ongeza kingo zenye mteremko na njia ya kupita mtambo wa kuzoa tope, tuseme viwanja vinne. Kiangazi watoto wanacheza mpira humo.

Viwanja vinne katika 116 ni asilimia 3.4. Tuseme kiwanja kinauzwa shilingi milioni 30. Msomaji abadilishe kwa bei ya kwao. Mwenye mradi amepoteza milioni 120 za mauzo. Akizigawa kwa viwanja 112 vinavyobaki, kila mnunuzi anaongeza milioni moja na elfu sabini hivi. Kuchimba na kujenga mlango wa kutolea maji kuna gharama yake juu ya hapo, lakini ardhi ndiyo inayowafanya wenye miradi wasite. Wanunuzi wengi wangelipa bila kugundua. Wasipolipa wao, analipa wa chini, kwa makochi, magodoro na msingi uliochimbika, na hagawani na watu 112.

Matanki nayo yanasaidia, ila yasifanywe kisingizio. Tanki la lita 5,000 kwenye kila nyumba, kwa nyumba 116, linashika mita za ujazo 580, chini ya robo ya tunachohitaji. Bati letu la mita 250 linalijaza kwa milimita 22 za mvua. Na linasaidia tu likikutwa tupu. Katikati ya masika nani ana tanki tupu?

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuo wa bahari au ziwa. Lakini mita 60 zinamhusu aliye mtoni. Mradi ulioko kilomita mbili juu unaweza kuiheshimu sheria hiyo kikamilifu na bado ukamfurisha aliye mtoni. Kwa hilo silaha ni ramani ya mipangomiji na tathmini ya athari kwa mazingira, ambazo hupita manispaa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, huku barabara za mitaa na mitaro yake zikiwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017.

Kwa hiyo ndugu mkazi wa bondeni, usiende mkutanoni kuomba mtaro. Nenda ukaulize lita ngapi kwa sekunde zilikuwa zinatoka hapa kabla, ngapi zitatoka baada, na tofauti itakaa kwenye kiwanja namba ngapi. Mwombe mwenyekiti wa mtaa jibu hilo aliandikie barua na nakala iende manispaa. Na uende mapema, wakati vigingi vya upimaji ndiyo kwanza vinapigwa. Viwanja 116 vikishauzwa, hakuna mnunuzi atakayerudisha chake kiwe bwawa.