Je, Wajua? Turbo ya Subaru na Spana Zako

Je, wajua kwamba turbo ina umri wa zaidi ya miaka 100? Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza yake mwaka 1905, zamani sana kabla ya Subaru Impreza WRX kuzaliwa mwaka 1992.

Je, wajua kwamba panga za turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku moshi wa ekzosi unaozisukuma ukiweza kufikia nyuzijoto 900? Katika turbo nyingi mhimili wake hauna gololi. Unaelea tu juu ya utando mwembamba wa oili.

Kwa hiyo wewe unayejifungulia boneti mwenyewe, anza na oili kabla ya kuota ekzosi kubwa. Baadhi ya injini za Subaru za familia ya EJ zina kichujio kidogo mno, kimejificha ndani ya bolti yenye tundu kwenye bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Wengi hubadilisha turbo bila hata kujua kipo. Oili ikichakaa, masizi hukiziba, mhimili hukauka na kulika, na vumbi la chuma husafiri na oili hadi kwenye beringi za injini. Hapo injini imenoki, na gharama yake unaijua. Fungua bolti hiyo, ishike mwangani, uchungulie.

Je, wajua kwamba sabuni ya kuoshea vyombo ni kipimo cha turbo? Gari likipungukiwa nguvu na kutoa moshi mweusi, ziba mdomo wa bomba la hewa, jaza upepo kiasi kisichozidi presha ya kawaida ya turbo yako, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Niliwahi kuona povu likichanua chini ya klipu moja ya hosi, upande ambao jicho halifiki, kwenye gari ambalo mwenyewe alikuwa amekwisha kulinunulia sensa mbili mpya. Tulikaza klipu kwa bisibisi. Ikawa basi.

Je, wajua kwamba lile tundu la boneti si pambo? Hewa iliyobanwa na turbo huweza kupita nyuzijoto 100, na intakula iliyo chini ya tundu hilo ndiyo huipoza. Ioshe kwa maji ya taratibu. Maji ya presha hupinda mapezi yake.

Je, wajua kwamba Nairobi presha ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa? Injini ya kawaida huhema. Turbo hufidia, ila kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwenye hewa nyepesi kama hiyo, dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na hewa yote ya turbo yake ilipita kwenye tundu la milimita 34 tu, kama kanuni zilivyotaka.

Je, wajua kwamba ule mngurumo wa Subaru hutokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu?

Na vali ya kutoa upepo nje, ile ya “pshhh”? Kwenye WRX nyingi sensa imekwisha kuihesabu hewa hiyo, na kompyuta imekwisha kuipimia petroli. Ukiimwaga nje, petroli inabaki bila hewa yake. Napendekeza uache vali ya kiwandani, inayoirudisha ndani.

Je, wajua kwamba Impreza STI ya soko la Japani ilipangiwa petroli ya hali ya juu, ambayo huko kwa kawaida hufikia oktani 100? Ukiongeza presha ya turbo huku ukijaza petroli hafifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Sikiliza mlio kama wa kokoto zikitikiswa mkebeni. Ukiusikia, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo.