Kipigo cha 18-0 kule Moscow: punguzeni kicheko, sikieni ilikuwaje

Wadau, kuna tokeo moja huwa linaniuma kila nikiliona kwenye kumbukumbu za Olimpiki. Mpira wa magongo wanaume, Moscow, 1980: India 18, Tanzania 0. Kumi na nane! Wakati ule mechi ilikuwa dakika 70, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, ni bao moja kila baada ya dakika nne hivi. Kipa anaokota, anarudisha, hajakaa sawa kingine hicho.

Na haikuishia hapo. Spain wakatupa 12-0, Urusi (enzi hizo Soviet) 11-2, Poland 9-1, Cuba 4-0. Mechi tano za kundi, tumefungwa 54, tumefunga 3. Timu zilikuwa sita, sisi wa sita.

Sasa watu wakishaona hivyo wanacheka tu, eti Wabongo walienda kutalii. Mimi kama shabiki naumia lakini hasira zangu haziko kwa wale wachezaji hata kidogo. Tuanze na hili: walifikaje kule?

Desemba 1979 Soviet waliingia Afghanistan. Rais Carter wa Marekani akataka dunia nzima isusie michezo ya Moscow, na Februari 1980 akamtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kushawishi. Kituo cha kwanza Dar. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye, maana kwake ilikuwa dharau, suala zito la nchi unamtumia bondia (hata kama ni Ali!). Isitoshe, 1976 sisi tulisusia Montreal kwa sababu New Zealand walienda kucheza raga Afrika Kusini ya makaburu, Filbert Bayi akakosa Olimpiki akiwa moto kweli kweli, na Marekani hawakutuunga mkono. Leo tuwafuate kwa lipi? Tukaenda Moscow.

Ila vigogo wa magongo wengi hawakwenda. Pakistan hawapo, Ujerumani Magharibi hawapo, Australia, Uholanzi, hata majirani zetu Kenya. Msiwachukulie poa Kenya, hao walishika nafasi ya nne Kombe la Dunia kule Barcelona 1971. Nafasi zikabaki wazi, zikajazwa na waliokuwepo, na sisi tukiwemo. Yaani hatukupanda ngazi, tulibebwa na lifti.

Na mnakutana na nani? India waliokuwa wamejeruhiwa. Hao walishachukua dhahabu saba za magongo, halafu Montreal 1976 wakaangukia nafasi ya saba. Ile ndiyo Olimpiki ya kwanza magongo kuchezwa kwenye nyasi bandia. Kwenye nyasi za kawaida mpira unadunda dunda, unapunguza kasi, fundi wa chenga anapata muda. Kwenye zulia lile mpira unateleza kama uko juu ya sakafu, ukichelewa kidogo kuinama na gongo lako umeshapitwa. Kama mabingwa wenyewe liliwatesa, mtu aliyezoea viwanja vyetu angefanya nini? Cuba nao walikula 13 kwa Wahindi hao hao, mbona wao hatuwacheki? India wakabeba dhahabu, fainali walimfunga Spain 4-3.

Lakini hapa ndipo utetezi wangu unapogonga mwamba, nakiri. Zimbabwe! Wamepata uhuru Aprili 1980, timu yao ya wanawake ikaitwa wiki chache tu kabla ya michezo, nayo kujaza nafasi kama sisi. Zulia nalo lilikuwa geni kwao. Wakashinda tatu, sare mbili, dhahabu. Tofauti? Wale dada (wazungu watupu, tuseme ukweli) walitoka kwenye mashule na klabu zenye viwanja na mechi za kila wiki. Kwetu magongo yalishikiliwa na klabu chache za mjini, ndiyo maana kwenye kikosi majina ya Kigoa na Kihindi yalikuwa mengi, na nchi yenyewe ilikuwa imetoka tu kwenye vita ya Kagera, hazina tupu.

Kwa hiyo mimi kipigo cha 1980 nakielewa. Kinachonikera ni kilichofuata. Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha za riadha, nchi ikashangilia, sawa kabisa. Timu ya magongo ikarudi na 54, na badala ya mtu kuuliza "tunaanzia wapi?", ukawa utani. Mpaka leo hatujarudi Olimpiki kwenye mchezo huo hata mara moja. Muulize kijana yeyote hapo kijiweni gongo la mchezo huu linafananaje, atakuchorea fimbo ya mchunga ng'ombe.

Kama kuna mdau ambaye baba au mjomba wake alikuwa kwenye kikosi kile, tupia picha na stori hapa chini. Nataka hasa kujua yale mabao mawili dhidi ya Soviet yalipatikanaje, maana hayo hakuna anayeyasimulia.