Je, Wajua? Gari la Grand Prix Juu ya Meza

Je, wajua kwamba kwa mafundi wa vigari vya mfano, gari la mashindano la zamani ndilo mtihani mgumu kuliko yote? Saluni ya kawaida ina mengi ya kuficha. Boneti hufunika injini, madigadi hufunika magurudumu, vioo vyeusi hufunika viti. Gari la kiti kimoja, lenye magurudumu yaliyo nje ya bodi, halina pa kujificha. Springi, mirija ya breki, mikono ya usukani, ekzosi ndefu ya ubavuni, vyote vinaonekana kwa mtu aliyesimama tu pembeni. Anayetaka kuliiga lazima alijue kama alivyolijua fundi aliyelihudumia siku ya mbio.

Vipimo vya kupunguzia magari vina historia yake. Kile cha 1:12 kinatokana na hesabu ya Waingereza ya futi na inchi: kila futi ya gari halisi inakuwa inchi moja mezani. Cha 1:24 ni nusu ya hapo. Lakini kile cha 1:43, ambacho kabati nyingi za wakusanyaji zimejaa, hakikuzaliwa kwenye magari hata kidogo. Kilirithiwa kutoka kwa treni za kuchezea za Uingereza zilizotengenezwa kwa milimita 7 kwa kila futi. Watu walitaka magari ya kuegesha kando ya stesheni zao ndogo, na kipimo kikabaki hata treni zilipotoka sebuleni.

Ukipunguza urefu mara 12, uzito haupungui mara 12. Unapungua mara 1,728, kwa sababu urefu, upana na kimo vyote vimepunguzwa. Mwaka 1934 sheria ya Grand Prix iliweka kikomo cha kilo 750 kwa gari lisilo na mafuta, maji wala matairi. Lipunguze gari la namna hiyo kwa haki hadi 1:12, nalo litakuwa na gramu 434 hivi, chini kidogo ya nusu kilo ya sukari.

Kitu kisichokubali kupunguzwa ni rangi. Tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni jambo la kawaida kwenye kigari cha mfano. Lipige mara 12, utakuta umelivika gari lako koti la zaidi ya milimita moja. Kwa 1:43 ni zaidi ya milimita nne. Hapo ndipo vichwa vya ribiti huzama, matundu ya kupitishia hewa huziba na mistari ya boneti hupotea. Wanaojua kazi hupuliza rangi nyepesi sana, wakaiacha ikauke, wakaisugua kwa msasa laini uliolowa maji, wakapuliza tena. Wengi pia huipausha rangi kidogo kuliko ile ya gari halisi, maana kitu kidogo kilicho karibu na jicho huonekana cheusi zaidi kuliko kitu kikubwa kilicho mbali.

Na rangi gani? Swali hilo limegombanisha watu kwa miaka. Zamani gari lilipakwa rangi ya nchi yake: nyekundu kwa Italia, buluu kwa Ufaransa, kijani kwa Uingereza, nyeupe kwa Ujerumani. Inasimuliwa kwamba Juni 1934 huko Nürburgring, Ujerumani, Mercedes-Benz W25 ilizidi kikomo kile cha kilo 750 kwa kilo moja, mafundi wakakesha wakikwangua rangi nyeupe, na asubuhi gari likatoka na alumini tupu. Kisa hicho alikieneza Alfred Neubauer, meneja wa timu. Wanahistoria wanakitilia shaka, na mimi naona wana haki: tayari mwaka 1932, kwenye mbio za AVUS mjini Berlin, Manfred von Brauchitsch alishinda kwa Mercedes ya alumini isiyopakwa rangi. Hata hivyo fundi wa W25 hawezi kukwepa. Lazima achague, nyeupe au fedha, na atetee uchaguzi wake.

Tazama sasa gurudumu moja tu, la Maserati 250F, gari la Grand Prix la Italia. Rimu ni ya Borrani, ya inchi 16, imeshikwa na spoku zilizopishana kwa safu, nyingine zikianzia ukingo wa nje wa kitovu, nyingine ukingo wa ndani. Kwa 1:12 rimu hiyo ina kipenyo cha milimita 34. Spoku ya unene wa milimita 4 inakuwa theluthi moja ya milimita. Boksi la bei nafuu hukupa gurudumu la plastiki lililomiminwa likiwa zima, na fundi mkali hulitupa. Hukereza rimu mpya kutoka kwenye alumini, hutoboa matundu yake kwa keekee nyembamba mno, huibana pamoja na kitovu kwenye kalibu ili visitikisike, kisha hupitisha waya wa chuma mmoja mmoja kwa kibanio chini ya lenzi. Akikosea tundu moja, spoku zote zinazofuata zinagongana, na hana budi kufumua. Katikati hukaa nati yenye masikio mawili, ambayo mafundi wa timu waliifungua kwa kuigonga nyundo. Ndiyo maana kwenye kazi nzuri kweli utaona masikio hayo yana vijikovu.

Bodi za 250F zilifuliwa kwa mkono na Medardo Fantuzzi, kwa nyundo juu ya alumini, na hakuna mbili zilizolingana sawasawa. Kwa hiyo hakuna kitu kama “mfano wa 250F” kwa jumla. Kuna mfano wa gari fulani, siku fulani. Wengi huchagua lile lenye namba 1 aliloendesha Juan Manuel Fangio huko Nürburgring, tarehe 4 Agosti 1957, alipoanza na tangi nusu, akasimama kuongeza mafuta na kubadili matairi, kisha akawafukuza Mike Hawthorn na Peter Collins na kuwapita zikiwa zimebaki dakika chache kumaliza mizunguko 22. Ushindi huo ulimpa ubingwa wake wa tano wa dunia. Sasa, kigari hicho kiwe safi kama kimetoka karakana, au kiwe na matone ya oili ubavuni, vumbi la breki kwenye rimu na pua iliyopigwa na kokoto? Mimi nasimama na wa pili. Gari lililong'arishwa linaonyesha ustadi wa kupaka rangi. Lenye oili linaonyesha kwamba fundi ameelewa gari lilikuwa likifanya nini.

Je, wajua kwamba vigari hivi vya mfano vilianza kama vichezeo vya watoto, lakini watoto wenye bahati? Katika miaka ya 1920 kampuni ya Kifaransa ya CIJ ilitoa Alfa Romeo P2 ya bati, yenye urefu wa takriban sentimita 53, inayokwenda kwa springi ya kukazwa kwa ufunguo. Ilifanana na gari halisi kiasi kwamba leo hugombaniwa kwenye minada. Mwaka 1936 Schuco wa Nuremberg wakatoa Studio, Mercedes ndogo ya Grand Prix inayotosha mkononi, yenye usukani unaokata kona kweli na magurudumu yanayofunguka, na ndani ya boksi mlikuwa na vifaa vidogo vya kuifungulia. Ettore Bugatti naye alimtengenezea mwanawe mdogo, Roland, Bugatti Type 35 ya nusu ya ukubwa, inayokwenda kwa betri. Wateja waliiona, wakataka ya kwao, na kiwanda kikaanza kuiuza.

Wamarekani walikwenda njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1930 huko California walianza kuunda vigari vilivyofanana na magari ya Indianapolis, wakavitia injini ndogo za kweli, wakavifunga kwa waya kwenye nguzo ya katikati na kuviacha vizunguke. Ndugu wa familia ya Dooling ndio waliojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Mchezo huo ungali hai, na magari ya leo yaliyotokana nao huzidi kilomita 300 kwa saa, ingawa kwa umbo hayafanani tena na gari lolote la barabarani.

Italia ilimtoa Arnaldo Pocher wa Torino, aliyeuza maboksi ya kipimo cha 1:8. Gari lake la kwanza la namna hiyo lilikuwa Fiat ya mwaka 1907, ile ambayo Felice Nazzaro alishindia Grand Prix ya Ufaransa mjini Dieppe, yenye injini ya lita 16 na ushei kwa silinda nne tu. Mnunuzi aliunganisha chesisi mwenyewe, kazi ya miezi.

Lakini aliyeufikisha ufundi huu kwa watu wengi ni Tamiya wa Shizuoka, Japani. Kampuni ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha kupasua mbao, ikaingia kwenye mifano ya mbao, halafu plastiki. Mwaka 1967 walitoa Honda RA273 ya Formula 1 kwa 1:12, yenye injini ya silinda 12 ambayo kila bomba la ekzosi limewekwa mahali pake, na wapenzi wa magari duniani wakageuka kutazama. Ukubwa wa bidii yao unaonekana kwenye jambo lililofuata, japo halihusu gari la kiti kimoja: walipotaka kuiga Porsche 934 miaka ya 1970, Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyo alinunua Porsche 911 nzima, akaifumua ili kupima vipande, kisha ikabidi waitwe mafundi wa Porsche waje kuirudisha.

Tamiya pia ndio waliofanya Tyrrell P34 ijulikane hata na watoto wasiowahi kutazama mbio. Gari hilo la mwaka 1976, lililobuniwa na Derek Gardner, lilikuwa na magurudumu sita: manne madogo mbele, ya rimu za inchi 10, na mawili makubwa nyuma. Halikuwa la mzaha. Juni mwaka huo, huko Anderstorp nchini Sweden, Jody Scheckter wa Afrika Kusini alishinda nalo, na mwenzake Patrick Depailler akawa wa pili na la pili kama hilo.

Kuna mfano mmoja mdogo ambao haukuwekwa kabatini, nao ndio uliobadili mbio zote. Katikati ya miaka ya 1970, Peter Wright na wenzake wa timu ya Lotus walikuwa wakipima mfano wa gari jipya kwenye handaki la upepo la Imperial College, London. Vipimo vilianza kuruka bila mpango, na hawakujua kwa nini. Walipochungulia waliona mbavu za mfano ule zimelegea; upepo ulipozidi, zilishuka kuelekea sakafu, na kila ziliposhuka gari lilikandamizwa chini kwa nguvu zaidi. Wakaziba mwanya kati ya mbavu na sakafu kwa vipande vya kadi, na nguvu ya kukandamiza ikapanda sana. Hapo ikazaliwa Lotus 78 ya mwaka 1977, kisha Lotus 79 iliyompa Mario Andretti ubingwa mwaka 1978. Ulegevu wa kipande cha mfano uliwafundisha kitu ambacho hawakuwa wamekichora.

Jambo la mwisho, linalowashangaza wanunuzi wapya: ukinunua leo boksi la Lotus nyeusi na dhahabu au McLaren nyekundu na nyeupe ya miaka ya 1970, mara nyingi utakuta jina la sigara halimo kwenye stika. Sheria za kuzuia matangazo ya tumbaku zimeliondoa hata kwenye gari la nusu karne iliyopita. Wanaotaka gari kamili hununua stika za kulowekwa majini kutoka kwa wachapaji wadogo. Sheria yenyewe naiunga mkono, tumbaku inaua. Lakini kwa kigari kinachokusudiwa kuhifadhi historia, pengo lile jeupe ubavuni ni uongo mdogo, na sioni kosa kwa mtu mzima kuliziba.

Ukitaka kuanza, usianze na Pocher. Tafuta boksi la plastiki la 1:20 au 1:24, osha vipande vyote kwa maji ya sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke na rangi ishike, kusanya picha za gari lako siku ya mbio uliyoichagua, na usikate kipande chochote kabla hujakiona kwenye picha. Ukifikia vipande vya resini, visugue kwa msasa vikiwa vimelowa na uvae barakoa, kwa sababu vumbi lake linadhuru mapafu. Na upulizapo rangi, fungua madirisha yote.