Kima, Papa na Akili ya Mtoto wa Miaka Minne

Maji yakipwa Fumba, huku Unguja, ufukwe huwa jiko la watoto. Kifuu ni sufuria, mchanga ni wali, majani ya mkoko ni mchicha. Ukijifanya umekula kabla hujakaribishwa, utakemewa: chakula hakijaiva! Lakini utie mchanga huo mdomoni kweli, watakushangaa. Wanajua vizuri kwamba ni mchanga.

Hilo ndilo lililomshughulisha mwanasaikolojia Alan Leslie, alipoandika mwaka 1987 kuhusu mtoto anayeshika ndizi na kuifanya simu. Mtoto huyo hachanganyikiwi, alisema Leslie. Ndizi ya kweli na simu ya mchezo anazitenga akilini, na uwezo huohuo ndio utakaomsaidia kuelewa kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo kweli.

Kuelewa huko kuna jaribio lake maarufu. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner, watafiti kutoka Austria, waliwasimulia watoto habari za Maxi, aliyeweka chokoleti kabatini akaenda zake. Huku nyuma mama yake akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi, ataitafuta wapi? Watoto wa miaka 3 kwa kawaida huonyesha kabati jipya, maana wao wanajua chokoleti iko huko. Kuanzia miaka 4 au 5, wengi hujibu kwa kufuata anachokijua Maxi.

Sisi hatuna haja ya chokoleti. Tunaye kima. Kisa chake na papa kimo katika hadithi za Unguja alizozichapa Edward Steere mwaka 1870. Papa anambeba kima mgongoni, na baharini ndipo anapomfichulia: sultani wa kwao mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema moyo ameuacha mtini, na papa anageuza. Msikilizaji anajua moyo uko kifuani, papa hajui. Mtoto anayecheka hapo ameshaupita mtihani wa Maxi, na hakuna aliyemwambia kuwa anatahiniwa.

Kasoro ni yetu watu wazima. Baada ya paukwa na pakawa, tunaishika hadithi mpaka mwisho, mtoto anabaki kusinzia. Rachel Romeo na wenzake, huko Marekani, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa watoto 36 wa miaka 4 hadi 6. Waliozoea kupokezana maneno na watu wazima nyumbani, sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha ilifanya kazi zaidi waliposikiliza hadithi. Wingi wa maneno ya mkubwa peke yake haukuonyesha hivyo.

Basi msimamishe papa katikati ya Ghuba ya Menai, umuulize mwanao: "Ungekuwa wewe kima, ungemwambiaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Akijibu kwamba kima atampigia simu mjomba wake Kizimkazi aje na boti, usimrekebishe. Muulize kama simu ina chaji.

Ila nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2013 Angeline Lillard na wenzake walipitia tafiti nyingi, wakaona ushahidi kwamba mchezo wa kujifanya wenyewe ndio unaoongeza akili bado ni dhaifu. Kwa hiyo anayekuuzia vitu vya kuchezea vya bei kubwa kwa ahadi hiyo, mkatalie. Leo baada ya isha anza hadithi wewe, mwachie mtoto aimalize.